Kwilti ya msimu wa majani kupukutika: mchoro upi, vitambaa kiasi gani

Vuli ya Dar na Mombasa ni mvua, na mvua ni kijani. Vuli ya Vermont, Minnesota au Ontario ni kinyume chake: mwisho wa Septemba kijani kinaondoka kwenye majani, mipopla inabaki ya njano, mimepo inawaka chungwa na nyekundu, mialoni inamalizia kwa hudhurungi. Kamusi inaita yote mawili vuli, lakini fundi anayetaka kushona kwilti ya msimu huo, yaani lile shuka nene la viraka lenye pamba katikati, ajue anashona hii ya pili.

Michoro yake ni mingi mno: maboga, bundi, sanamu za kutishia ndege, majani ya kila namna. Wengi huchagua kwa kuangalia picha ya jalada. Picha ile imepigwa kwenye mwanga mzuri, na vitambaa vyake pengine havipo tena dukani. Angalia mambo mawili kwanza: kipande kidogo kuliko vyote kina inchi ngapi, na je, mchoro ungeonekana kama ungekuwa mweusi na mweupe tu? Msimu unaletwa na rangi, si na boga. Kwilti yenye maboga ishirini itatandikwa wiki sita kisha irudi kabatini. Yenye haradali, damu ya mzee na hudhurungi itakaa kwenye kochi mpaka Machi na hakuna atakayeuliza.

Kuhusu ukubwa wa vipande: kama hujashona kwilti tatu au nne, acha mchoro wowote wenye kipande kilichomalizika, yaani kikishashonwa pande zote, chini ya inchi 2. Sababu ni hesabu tu. Kwilti hushonwa kwa nafasi ya mshono, yaani kutoka mshono hadi ukingo wa kitambaa, ya robo inchi. Ukizidisha sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, upana ambao jicho halioni, kila mshono unakula moja ya nane zaidi, kwa kuwa unapoteza pande zote mbili. Bloku, yaani mraba mmoja kamili wa mchoro unaorudiwa kwenye kwilti, yenye mishono miwili kwa upana inapungua robo inchi. Panga bloku nne kwenye safu, umepoteza inchi nzima na zaidi, na bado safu ya chini uliyoshona siku nyingine kwa mkono mwepesi ina kipimo chake. Hapo ndipo watu wanaanza kuvuta kitambaa ili kilingane, na kwilti inatoka na mawimbi.

Kwa hiyo kabla ya mchoro wowote, pima cherehani. Kata vibanzi vitatu vya inchi 1½, viunganishe ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza sindano kulia kidogo au bandika utepe kwenye bamba la cherehani kama kizuizi, urudie. Usiendelee mpaka kipatikane.

Mchoro ambao tungemwambia mtu aanze nao ni jani la mepo. Ni wa zamani, umejengwa kwa miraba tisa, mitatu kwa mitatu, na unasamehe. Hesabu hii ni ya bloku ya inchi 12 iliyomalizika, bloku 20, nne kwa tano.

Kwa kila bloku, kitambaa cha jani: miraba mitatu ya inchi 4½, miraba miwili ya inchi 5, na kibanzi kimoja cha 1½ kwa 7½ cha kikonyo. Kitambaa cha nyuma ya jani, yaani kile kinachoonekana kulizunguka: miraba miwili ya 4½ na miwili ya 5. Ile ya inchi 5 ndiyo itakayozaa pembetatu. Weka mmoja wa jani juu ya mmoja wa nyuma, uso kwa uso, chora mstari wa kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Unapata miraba miwili yenye rangi mbili, ya kama inchi 4⅝. Ipunguze iwe 4½ kamili, ukihakikisha mstari wa mshono unapita kwenye kona zote mbili. Michoro mingi itakuambia ukate 4⅞ ili usipunguze kitu. Hesabu yake ni sahihi, mikono ndiyo haiko sahihi. Kata 5 upunguze.

Kikonyo: chukua mraba mmoja wa nyuma wa 4½, ukate kona hadi kona, ingiza kile kibanzi katikati, shona pande zote mbili. Kitakuwa kikubwa kuliko kinavyohitajika. Weka rula kibanzi kikiwa katikati kabisa, punguza mpaka 4½.

Mpangilio: safu ya juu, mraba mtupu wa nyuma kwenye kona ya kushoto, kisha pembetatu mbili (ile miraba yenye rangi mbili). Safu ya kati, pembetatu, jani, jani. Safu ya chini, pembetatu, jani, kikonyo. Upande wenye rangi wa kila pembetatu ugusane na mraba wa jani, na pembetatu mbili zilizo kwenye safu moja zitazame upande mmoja. Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni pembetatu moja kugeuka. Ukiwa umeinama kwenye cherehani huoni. Pangilia bloku nzima mezani, ipige picha kwa simu, ndiyo ushone. Picha ndogo inafichua kitu ambacho jicho limeshazoea.

Pasi: iweke, inyanyue, iweke tena. Usiiburute kama unapiga pasi shati. Pembetatu zina upande uliokatwa mshazari, na mshazari unavutika; ukiburuta, mraba wako unakuwa kishada.

Sasa vitambaa. Marekani na Kanada maduka ya kwilti huuza robo yadi za aina mbili, na hapa wageni wanapoteza hela. Robo ndefu ni inchi 9 kwa upana wote wa kitambaa, kama inchi 42. Robo pana ni inchi 18 kwa 22. Eneo ni karibu sawa, lakini robo pana inatoa bloku mbili za jani hili: mstari mmoja wa inchi 5 una miraba minne, mistari miwili ya 4½ inatoa minane nawe unahitaji sita, na kinabaki cha vikonyo. Robo ndefu ukishatoa mstari wa inchi 5 unabaki na inchi 4, haitoshi mraba wa 4½. Ukikata kwa mistari namna hiyo, ni bloku moja tu na mabaki mengi. Kwa hiyo robo pana kumi, za rangi kumi tofauti. Ukitumia kitenge cha upana wa inchi 46, nusu yadi inatoa bloku nne.

Kitambaa cha nyuma ya majani, yadi 1½. Bloku 20 zikiunganishwa ni inchi 48 kwa 60. Ukizungushia mpaka wa inchi 4 unafika 56 kwa 68, saizi nzuri ya kochi. Mpaka unahitaji mistari sita ya 4½, nunua yadi moja. Utepe wa kumalizia ukingo ni mistari saba ya inchi 2½: hiyo ni inchi 17½, na nusu yadi ni 18. Duka likikata upogo umekwisha, ongeza. Mgongo, yaani kitambaa cha upande wa chini wa kwilti nzima: yadi 4 za kitambaa cha inchi 42, zikatwe vipande viwili sawa na kuunganishwa, maana mgongo na pamba vinatakiwa vizidi uso kwa inchi 4 kila upande.

Rangi zina mtego wake. Mtu anachagua haradali, chungwa, njano iliyoiva, kisha nyuma anaweka rangi ya maziwa. Mezani zinapendeza. Zikishonwa, majani ya haradali yanayeyuka, na ukisimama hatua tatu unaona majani kumi na mawili, si ishirini. Piga picha vitambaa vyote kwa simu, uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Kitambaa ambacho kijivu chake kinafanana na cha nyuma, kiondoe, hata kama ndicho ulichokipenda zaidi. Kwa robo kumi tungeweka tatu za giza (damu ya mzee, hudhurungi, zeituni), sita za katikati na moja tu ya mwanga. Au geuza: nyuma iwe bluu ya usiku, na haradali ndiyo itakayong'aa kuliko zote. Ila bluu ya usiku inaonyesha kila unyuzi mweupe.

Nyekundu na damu ya mzee huchuja rangi, na vitenge vingine huchuja zaidi. Kabla ya kukata, sugua kila kitambaa cha giza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, fua peke yake mpaka maji yawe safi. Ukifua kimoja, fua vyote, kwa sababu kilichokwishajikunja na kisichojikunja havikai pamoja vizuri. Kitenge cha maua makubwa nacho kina lake: ukikikata miraba ya 4½, kipande kimoja kinatoka chungwa tupu, kingine cheupe, na jani linakuwa na mabaka. Tafuta chenye vidoa vidogo. Kile kikubwa kiweke mgongoni.

Kama miraba na pembetatu zinakuchosha kabla hujaanza, kuna nyumba ya magogo: mraba katikati, vibanzi vinaizunguka, hakuna mshazari hata mmoja. Katikati 2½, vibanzi vya 1½, mizunguko minne, unapata bloku ya inchi 10 iliyomalizika. Vibanzi viwili vya kwanza vya kila mzunguko viwe vya mwanga, viwili vya mwisho vya giza, na bloku inagawanyika kama kilima chenye jua upande mmoja. Giza linakula zaidi: kwa bloku 30 nunua yadi 2 za giza na 1¾ za mwanga. Kibanzi kikatwe kwa urefu wake kabla ya kushona (mzunguko wa kwanza 2½, 3½, 3½, 4½, na kila mzunguko unaofuata unaongeza 2). Wanaoshona kibanzi kirefu kisha kukikata mwishoni hukivuta bila kujua, na bloku inabinuka kama sahani.

Bata bukini warukao, mchoro mwingine ambao kila bata ni pembetatu, nao ni wa msimu huu kweli, maana ndiyo miezi wanayopita angani kuelekea kusini. Lakini ni wa mtu mwenye mkono. Ncha ya kila bata inatakiwa ibaki robo inchi chini ya ukingo. Ukiikata kwa mshono, una bata asiye na mdomo. Majani ya mwaloni ya kukata na kubandika, yaache kwanza.

Muda: Siku ya Shukrani ya Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, ya Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Jani la mepo lenye bloku 20 ni vipande 300. Kwa anayeshona jioni baada ya kazi, anza Julai. Ukianza Oktoba, shona kitambaa cha katikati ya meza, bloku nne mstari mmoja, umemaliza.

Ukifika kuunganisha tabaka, tandika mgongo sakafuni uso chini, ubandike pembeni kwa utepe ukiwa umenyooka bila kuvutwa, pamba juu yake, uso mwisho. Piga pini kila upana wa kiganja. Shona kuanzia katikati ukielekea nje, kwa mguu wa cherehani unaovuta tabaka za juu na chini kwa pamoja, sindano namba 90. Pakiti ya pamba imeandikwa umbali unaoruhusiwa kati ya mstari na mstari. Ukiupita, pamba itajikusanya mabonge baada ya kufuliwa. Pamba halisi hujikunja kidogo na kuipa kwilti mikunjo ya kizamani. Asiyeipenda mikunjo hiyo achukue ya poliesta.

Na wanaouliza kama doti ya khanga inafaa mgongoni: inafaa, karibu. Khanga moja ni kama inchi 59 kwa 43. Mbili ukiziunganisha kwa ubavu mrefu unapata 59 kwa 85, nawe unahitaji 64 kwa 76. Urefu umezidi, upana umepungua inchi 5, kwa hiyo ongeza kibanzi cha kitenge cha inchi 6 upande mmoja. Angalia isiwe nyepesi kiasi cha kuonyesha pamba. Na majina uyapange kabla ya kushona, maana ukiziunganisha mguu kwa mguu, moja litasomeka na jingine litakuwa kichwa chini.