Kiyama na deni la salfa

SWALI: Shikamoo anko. Huku kijiweni Masasi wanasema 2029 jiwe linadondoka toka mbinguni tunakwisha wote. Mi nina deni la salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na mahari nimetoa nusu, nilipe au nisubirie tu?

JIBU: Marahaba. Hilo jiwe ni Apophis, linapita Aprili 13, 2029 kama kilomita 32,000 toka ardhini, haligusi mtu, hesabu zishapigwa. Sasa we fikiria Aprili, hela ya korosho ushaila kitambo, unaamka asubuhi uko hai na anayekudai naye yuko hai, loh! Hata kile kimbunga cha Lindi 1952 (Aprili hiyohiyo) sidhani kuna mwenye duka alichana daftari la madeni. Mahari malizia, mkwe atakudai hata foleni ya peponi.