Kamera ya mkanda ya bei rahisi: inunue, kisha ufuate jua

Kamera yangu ya kwanza ya mkanda, yaani ya filamu, niliipata kwenye mitumba hapa Tanga, ndani ya boksi lililojaa chaja zilizokufa na rimoti zisizo na vifuniko. Plastiki tupu. Betri ni ya flashi peke yake, na flashi yenyewe haiwaki. Hakuna pa kurekebishia fokasi wala pa kuongezea mwanga. Ina kitufe kimoja cha kupigia, kigurudumu cha kusogezea mkanda, na kitundu cha kuchungulia kilichochubuka. Muuzaji alitaka elfu kumi, nikampa sita, akaniuliza kama namnunulia mtoto wa kuchezea.

Huu ni mwaka wa nne, na bado ndiyo kamera ninayotoka nayo mara nyingi. Simu niliyonayo inapiga picha safi zaidi, usiku na mchana, na sitaki kumdanganya mtu kwamba plastiki ile inaishinda. Ila kuna jambo simu haikunifundisha kwa miaka kumi, na kamera hii ikanifundisha kwa mikanda mitatu: kujua mwanga uko wapi kabla sijanyanyua mkono.

Sababu ni udhaifu wake. Kamera za namna hii zina tundu la lenzi lisilobadilika na kasi moja tu, kwa kawaida karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Zimetengenezwa kwa hali moja: mtu amesimama nje, mita mbili hivi kutoka kwako au zaidi, na jua linawaka. Ndivyo kamera za watu wa kawaida zilivyoanza. Kodak Brownie ilipotoka mwaka 1900 ilikuwa kiboksi cha karatasi ngumu kilichouzwa dola moja, haina cha kuchagua, nayo ilitegemea jua vilevile. Wenzetu wa nchi za baridi wanalisubiri jua hilo miezi. Sisi wa Pwani linatuamsha kila siku. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kamera hizi haziwezi kitu, najiuliza amezipigia wapi.

Jua peke yake halitoshi, lakini. Mkanda wangu wa kwanza niliupiga karibu wote saa saba mchana, nikiamini mwanga mwingi ndio mwanga mzuri. Picha zikatoka watu wote wana mashimo meusi mahali pa macho. Huku kwetu jua la adhuhuri linasimama utosini, paji la uso linang'aa na macho yanazama gizani.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe. Nilimkuta barazani kwake, nikampa shikamoo, nikamwonyesha zile picha. Alizipitia zote bila haraka, moja moja, kisha akaniuliza: “Mwanangu, huyu ulimkalisha akatazama wapi?” Nikamjibu, alinitazama mimi. Akasema, “Mimi nilikuwa simkalishi mtu anitazame mimi. Namkalisha autazame ukuta.”

Akainuka, akanishika mkono, tukasogea mpaka ukingoni mwa baraza. Sisi tuko kivulini. Ng'ambo ya kichochoro kuna ukuta wa chokaa nyeupe umepigwa na jua. Akaniambia nimwangalie uso. Mwanga uliokuwa unarudi kutoka kwenye ule ukuta ulikuwa umemwingia mpaka ndani ya macho, laini, hauna kivuli kikali hata kimoja. Nimepita vichochoro vya namna hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona mwanga ule.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na naupa uzito kuliko mengine yote: usianze kwa kutafuta kamera, anza kwa kutafuta kuta. Zunguka mtaani kwako saa mbili asubuhi, zunguka tena saa kumi jioni, ujue ni ukuta gani unang'aa na baraza gani inatazamana nao. Mchanga mweupe wa ufukweni unafanya kazi hiyohiyo kutokea chini. Bati jipya nalo linafanya, ila lina ukali.

Kivuli cha baraza kina hesabu yake. Kamera isiyobadilika haijui kama umehama kutoka juani, tundu lake na kasi yake vinabaki vilevile. Kwa hiyo weka mkanda wa ISO 400 (namba ikiwa kubwa, mkanda unahitaji mwanga kidogo zaidi), hata kama mtu atakwambia juani inatosha 100. Mkanda wa rangi wa negativu, yaani ule unaotoa picha iliyogeuka rangi ya kuchapishia, unavumilia sana mwanga ukizidi. Ukipungua hauvumilii: picha inakuwa ya kijivu, chembechembe zimejaa, weusi umegeuka tope. Ukiwa na 400, juani utakuwa umezidisha na mkanda utakustahimilia, na kwenye kivuli chenye ukuta mweupe mbele utapata picha. Ndani ya nyumba usijaribu. Zima hamu hiyo, tumia simu.

Kuhusu kununua, sina mengi. Fungua mlango wa nyuma, sogeza kigurudumu (kwenye nyingine sharti uzungushe kwa kidole meno ya kushikia mkanda), kisha bonyeza kitufe huku unachungulia kwenye lenzi kutokea nyuma. Ukiona mwanga umemulika mara moja, mashine iko hai. Tazama lenzi kwa kuielekeza dirishani. Huku Pwani adui ni ukungu, unaota kama utando wa buibui ndani ya kioo kwa sababu ya unyevu, na fundi wa kuusafisha ni taabu kumpata. Ukipata Olympus Trip 35 kwa bei ya kuvumilika, ichukue. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi miaka ya 80, haihitaji betri kabisa kwa kuwa kipimo chake cha mwanga kinaendeshwa na mwanga wenyewe, na mwanga ukiwa haba inagoma kupiga na kukuinulia kibendera chekundu kwenye kitundu cha kuchungulia. Hiyo ni ya daraja la juu kuliko ninazozisema hapa, lakini ni rafiki wa mtu anayejifunza.

Wengi wananiuliza kuhusu kamera ya plastiki iitwayo Holga. Binamu yangu aliniletea moja kutoka Muscat, kwa hiyo nimeipigia. Ni ya Hong Kong, ya mwaka 1982, ilibuniwa iwe ya bei ya chini kwa watu wa China, lenzi yake ya plastiki inatoa picha kali katikati na inayoyeyuka pembeni huku kona zikiingia giza. Kwenye zile za zamani kile kiswichi cha kuchagua jua au wingu karibu hakibadilishi chochote. Na bado mpiga picha za habari David Burnett alimpiga picha nayo mgombea Al Gore kwenye kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2000, na picha hiyo ikapata tuzo. Naipenda sana. Tatizo ni mkanda wake, ule mpana wa 120, unaotoa picha 12 tu na ambao huku kwetu unaupata kwa kuagiza. Anza na mkanda wa kawaida wa milimita 35.

Sasa nije kwenye kosa lililoniuma kuliko yote, ili lisikupate.

Mwaka juzi nilikwenda Pangani, nikavuka kwa pantoni mpaka Bweni kumsalimia mama mkubwa. Nilimkuta barazani anasuka ukili, miyaa ya rangi tatu imelowekwa pembeni yake kwenye sufuria, kidole gumba kinasukuma na vidole viwili vinapokea, bila kutazama. Jua la saa tatu lilikuwa linagonga ukuta wa jirani. Nilipiga picha pale kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kupiga mahali popote. Nikamwahidi moja ya kutundika.

Kihesabio kikafika 36, kikapita. 37. 38. Nikafurahi, maana mikanda mingine huwa na moja mbili za ziada. Ilipofika 40 moyo ukaanza kubadilika. Nikashika kile kimkono cha kurudishia mkanda nikazungusha: kilikuwa chepesi, hakina kinachokivuta. Usiku nikaingia chini ya blanketi, nikafungua kamera kwa kupapasa. Mkanda wote ulikuwa ndani ya kopo lake. Haukushika kwenye mhimili tangu nilipoupachika asubuhi nikiwa na haraka ya gari. Hakuna hata picha moja iliyopigwa.

Kwa hiyo: ukipachika mkanda, mlango ungali wazi, hakikisha meno yameingia kwenye matundu ya mkanda. Funga, zungusha kile kimkono cha kurudishia taratibu mpaka mkanda ukaze. Kisha kila unaposogeza mkanda, kitazame: lazima kizunguke chenyewe, kinyume. Kisipozunguka, mkanda hauendi. Sasa nakitazama baada ya kila picha, kama dereva anavyotazama kioo.

Nilirudi Bweni wiki tatu baadaye kumwambia ukweli. Mama mkubwa akasema, “Basi mwanangu piga tena, ukili haujaisha.” Safari hii zikatoka. Lakini mlango wa ile kamera ulikuwa unavujisha mwanga upande wa bawaba, na katika picha nzuri kuliko zote kulikuwa na mchirizi wa rangi ya chungwa uliopita juu ya mikono yake, ukala rangi za miyaa. Marafiki zangu wa kupiga picha waliisifu kwa sababu ya mchirizi huo. Mama mkubwa aliishika, akaitazama, akauliza moto ule umetoka wapi, halafu akasema kwa upole kwamba kazi yake haionekani.

Nakubaliana naye. Kuna watu wanaopenda kila kasoro ya kamera hizi, na tangu vijana wa Vienna waanzishe Lomografia, jumuiya ya wapenzi wa kamera hizi, mwaka 1992, kwa kamera ndogo ya Kirusi iitwayo LC-A, kasoro zimekuwa na wapenzi dunia nzima. Ulaini wa lenzi ya plastiki naupenda kwa moyo wote. Unafanana na jinsi hewa ya bahari inavyofifisha vitu vya mbali. Lakini mwanga unaovuja naziba. Nunua tepu nyeusi ya mafundi umeme, zungushia ukingo wa mlango na bawaba kila baada ya kupachika mkanda. Aliyekupa uso wake au kazi yake ana haki ya kuonekana.

Kusafisha mkanda, yaani kuutoa picha kwa dawa, ndiko kunakowakatisha tamaa wengi. Studio nyingi zimebaki na paspoti za papo kwa hapo. Mikanda ya rangi naikusanya mitano sita kwenye friji, namkabidhi mtu anayesafiri. Kabla hujaacha mkanda popote, sema wazi kwamba unataka negativu zako. Kuna mahali walinirudishia picha kwenye flashi ya kompyuta na negativu wakazitupa, na sikuwa na la kufanya. Mtu akipita uwanja wa ndege, aombe mikanda ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za kukagulia zinaiharibu.

Nyeusi na nyeupe safisha mwenyewe. Unahitaji kopo lisilopitisha mwanga, dawa mbili, yaani ya kusafishia na fiksa (ya kuifanya picha idumu), na kipimajoto. Mkanda wa Ilford HP5 kwenye dawa ya D-76 isiyozimuliwa unachukua dakika 7 na nusu, ikiwa dawa ina nyuzi 20. Hapo ndipo penye kazi, maana maji ya bomba la Tanga yanatoka ya vuguvugu. Mimi natia barafu kwenye beseni, naweka chupa za dawa humo zisimame mpaka kipimajoto kiseme 20. Barafu isiingie ndani ya dawa. Kuuzungusha mkanda kwenye kigurudumu cha kopo gizani kunahitaji mazoezi. Chukua mkanda ulioharibika, ufanye kwanza unaona, halafu umefumba macho, mara kumi, mara ishirini. Ukimaliza kusuuza, tundika bafuni kwa vibanio vya nguo baada ya kunyunyizia sakafu na kuta maji, vumbi litulie.

Huna skana? Washa kioo cheupe kwenye simu nyingine au tableti, inua negativu kidogo juu yake ili vidoti vya kioo visionekane, piga kwa simu yako, geuza rangi. Kwa kuanzia inatosha.

Gharama sitaificha. Mkanda mmoja unanila zaidi ya kifurushi changu cha intaneti cha mwezi, na ndiyo maana nanunua mmoja kwa mwezi na dawa tunachanga watu watatu. Mkanda mpya unakaa kwenye friji, na unatolewa saa moja au mbili kabla ya kufunguliwa, usije ukatoka jasho.

Jambo ambalo sikulitarajia ni madeni. Ukipiga kwa simu unamwonyesha mtu hapohapo, anacheka, mmemalizana. Kwa mkanda huna cha kumwonyesha, una ahadi tu. Nina kidaftari cha ahadi: muuza kahawa, mafundi wawili wa ngalawa, mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake tisa. Jina, mahali, namba ya picha. Kila mmoja nitamrudia, na nikirudi tunazungumza kuliko siku ya kwanza.

Mstari wa juu kabisa ni wa mama mkubwa. Nilimpiga picha upya mwezi uliopita, mlango umezibwa kwa tepu, ukuta wa jirani unawaka. Rangi zote tatu za miyaa zimetoka, na kidole gumba kimetikisika kidogo. Jumamosi navuka na pantoni ya asubuhi kumpelekea.