Vifuko vya lipidi vikikataa kuota, usikimbilie kuongeza volti

Wiki tatu za mwanzo nilizojaribu kuotesha vifuko vikubwa vya lipidi (mafuta yanayounda utando wa seli) kwa umeme, hadubini ilinionyesha mabonge matupu. Nikikosa kitu, naongeza volti. Nikikosa tena, naongeza tena. Siku moja nikaona duara nzuri zimetapakaa kote, nikazishangilia dakika tano nzima. Kumbe ni viputo vya gesi: umeme ulikuwa umeanza kuyachanganua maji yenyewe.

Njia hii ilielezwa na Angelova na Dimitrov mwaka 1986, na kiini chake hakijabadilika sana. Unapaka lipidi iliyoyeyushwa katika klorofomu kwenye kioo chenye ganda la oksidi ya indiamu na bati, ambalo hupitisha umeme. Unaikausha, unaweka kitenganishi cha silikoni, unajaza maji ya sukrosi, unafunika kwa kioo cha pili na kuwasha mkondo geu: hezi 10, volti 1 hadi 3 kutoka kilele hadi bonde, saa moja au mbili. Maji hupenya kati ya tabaka za lipidi, uga wa umeme huzisaidia kuachana, na utando wa nanomita 4 au 5 tu huvimba ukawa kifuko cha mikromita 10 au hata 100.

Siku hizi mambo yakiharibika, jenereta ya mawimbi, kile kifaa kinachotoa mkondo geu, ndiyo naigusa mwisho. Naanza na filamu ya lipidi. Yangu ilikuwa nene mno; nilikuwa namwaga tone kubwa mahali pamoja, likikauka linaacha ukingo mweupe kama doa la chai. Tabaka za juu zikivimba, za chini zimegandamana palepale. Sasa natumia miligramu 1 kwa mililita, kama mikrolita 10 hivi, nazitandaza haraka kwa ubavu wa sindano kabla klorofomu haijaruka. Ukikiinamisha kioo kwenye mwanga uone rangi hafifu za upinde wa mvua, hapo umepatia. Kisha ombwe, saa moja kwa uchache, kuondoa klorofomu iliyobaki. Na bomba la sindano liwe la kioo, kwa sababu klorofomu hula plastiki na uchafu wake utaingia kwenye lipidi.

La pili linatia aibu, lakini nalisema: kioo kimoja nilikuwa nimekigeuza. Pande zote mbili zinafanana kwa macho, ila moja tu ndiyo hupitisha umeme. Multimita itakwambia kwa sekunde mbili.

Joto nalo. Kila lipidi ina joto lake la kulainika. Ile iitwayo DOPC hulainika kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri, kwa hiyo chumba cha kawaida kinatosha. Nyingine, DPPC, inataka zaidi ya 41, na ukiichanganya na nyingine, fuata ile inayohitaji joto kubwa. Chumvi ni kesi nyingine: kwenye maji yenye chumvi nyingi hezi 10 hunigomea, na waliofanikiwa hupandisha hadi karibu 500. Kwa anayeanza, namshauri abaki na sukrosi.

Vikishaota, shusha hadi hezi 1 au 2 kwa nusu saa ili vijing'oe. Kata ncha ya pipeti ipanuke, vuta polepole, vimimine kwenye maji ya glukosi yenye osmolariti ileile, yaani ukolezi uleule wa chembe zilizoyeyuka. Maji ya sukrosi yaliyo ndani yao ni mazito kuliko ya glukosi yaliyo nje, hivyo vifuko vitazama na kutulia mbele ya lenzi. Glukosi ikiwa kali kuliko sukrosi, vinanywea. Ikiwa hafifu, vinajaa maji na kupasuka.

Mara ya kwanza nilipovipata vizuri niliviacha wazi nikaenda kuwaita wenzangu. Tuliporudi maji yalikuwa yamepungua kwa kukauka, glukosi imekolea, na vifuko vyangu vimelegea kama puto la juzi. Siku hizi nafunika kwanza, ndipo naita watu.