Alinipeleka mgahawa wa kifahari, sasa ni wiki ya tatu hatusemezani

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa mwaka wa kumi sasa na tuna watoto wawili. Mume wangu alinitoa jioni kusherehekea miaka kumi ya ndoa yetu. Mgahawa wenyewe ni wa watu wazito: viti vya ngozi, taa za vioo zinaning'inia, kila mtu na glasi tatu mbele yake. Nikajua leo nakula chakula ambacho sijawahi kukila.

Kwanza meza ya dirishani aliyoibuku mume wangu wamempa mtu mwingine, eti tumechelewa. Wakatuweka karibu na mlango wa jikoni. Supu ikaja vuguvugu. Chakula chenyewe tumekisubiri dakika hamsini. Nyama yangu, niliyosema wazi iive kabisa isibaki hata tone la damu, ilikuwa kavu, ngumu kama soli ya kiatu. Namwita mhudumu, anapita kama hanioni. Alipokuja nikampa ukweli wake, watu wote wakageuka. Hata picha hazikutoka vizuri, nimezirudia mara ngapi sijui, mwanga wa pale ni mbaya.

Mume wangu muda wote kimya! Alichofanya ni kukata nusu ya samaki wake akanisogezea kwenye sahani, kama anayempa ombaomba. Akalipa bili yote, akaacha na bakshishi, na tukiwa tunatoka nikamsikia anamwambia yule mhudumu 'samahani dada'. Samahani ya nini? Kwenye gari nikamwambia mwanamume anayeshindwa kumtetea mkewe mbele ya mhudumu hawezi kumtetea popote. Kesho yake nikaandika mtandaoni yote yaliyotukuta, nikasema na mume wangu aliogopa kufungua mdomo. Tangu siku hiyo ananijibu 'ndiyo' na 'hapana' tu. Mama yake, aliyekuja kukaa na watoto usiku ule, naye amebadilika. Nimekosa nini, au nimeolewa na mwoga?"

Aliyevunjwa Moyo

Marahaba, mwanangu, na pole. Usiku wa kuadhimisha miaka kumi hauji mara mbili, na kuusubiri kwa hamu halafu ukaletewa supu iliyopoa kunauma. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiirudia namwona zaidi mumeo.

Tuanze na hiyo "eti". Umenihesabia dakika hamsini za kungoja chakula, lakini dakika mlizochelewa hukuzihesabu. Aliyeonewa hutaja saa. Angeniambia, "Tumefika saa moja na dakika tano, meza yetu ya saa moja wamekalia wengine." Wewe umepita hapo mbio. Mama mkwe wako alikuwa ameshafika, watoto wameshakabidhiwa, mume ndiye aliyebuku meza na saa aliijua. Nani alikuwa bado mbele ya kioo?

Nakuuliza kwa sababu kazi hiyo naijua. Kabla ya kuanza safu hii nilifanya kazi miaka sita kwenye jiko la hoteli kubwa. Mgahawa wa kubuku meza hupanga wageni kwa kupishana: hawa saa moja, wale saa moja na nusu, ili oda zisiangukie jikoni kwa mkupuo. Pengi humngoja mgeni kama robo saa, baada ya hapo meza wanampa aliyesimama mlangoni. Ukiingia nje ya saa yako hupotezi dirisha tu, oda yako inakwenda kupanga foleni na za watu walioibuku saa hiyo. Sehemu ya zile dakika hamsini mlitoka nazo nyumbani.

Sehemu nyingine ulijiagizia. Nyama nene ukitaka iive mpaka katikati isibaki tone, joto la ndani lazima lipite nyuzi joto 70 za Selsiasi. Haifiki huko upesi, na kadiri inavyokwenda nyuzinyuzi za nyama zinajikunja na kuminya maji yote nje. Mpishi hodari duniani akipewa agizo lako atakuletea nyama ngumu. Kisha ikitoka motoni inatakiwa itulie dakika kadhaa kabla ya kukatwa, maana joto la nje bado linaingia ndani. Samaki wa mumeo alihitaji dakika chache tu, naye akalazimika kuingoja nyama yako, kwa sababu sahani za meza moja hutoka pamoja. Jiko kubwa kila mpishi ana kituo chake, huyu nyama, yule samaki, mwingine michuzi. Mpango huo ulienezwa na Mfaransa Auguste Escoffier mwishoni mwa karne ya 19, na nidhamu yake aliifananisha na ya jeshini, alikowahi kupika. Kazi ngumu kuliko zote ni kuwafanya watu wale wanne watano wamalize sahani za meza moja kwa dakika moja. Pale jikoni kwetu ndipo palipokuwa na ugomvi kila Jumamosi.

Makosa yao nayasema, sitayaficha. Supu ya vuguvugu haina utetezi, supu inakaa motoni na kuitoa ya moto ni kazi ya mtoto. Mhudumu alitakiwa akwambie tangu unaagiza, "Mama, nyama ya namna hiyo itachukua muda na itakuwa kavu kidogo." Na hakuna mgeni wa kuachwa dakika hamsini bila mtu kuja kumwambia neno. Mgahawa unaotoza kifahari na kuhudumu hovyo unawaibia watu, na mlikuwa na haki ya kusema.

Ila hata matarajio yako uliyajengea juu ya viti. Nani alikwambia taa za vioo zinapika? Zile nyota maarufu za migahawa zilianzia Ufaransa kwa kampuni ya matairi, Michelin, iliyotoa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari mwaka 1900 na kuanza kutoa nyota mwaka 1926. Wakaguzi wake wanatoa nyota kwa kilichomo kwenye sahani: ubora wa vitu vilivyopikwa, ufundi wa mpishi, ladha kutobadilika leo na kesho. Viti na vitambaa vya meza havihesabiwi kwenye nyota hiyo. Hata neno letu mkahawa lina kahawa ndani yake, yaani watu walikwenda kukaa pamoja wakanywa kitu cha moto wakaongea. Sasa nikuulize, katika barua nzima mliongea nini wewe na mumeo usiku ule? Umenitajia supu, nyama, taa, meza, mwanga wa picha. Neno moja la mazungumzo yenu sijaliona.

Na hizo picha "mara ngapi sijui" umezitupia mwishoni kama jambo dogo. Mwanangu, sahani ya bapa yenye chakula kidogo katikati inapoa haraka mno. Ukisimama kuipiga picha, ukazima taa ya simu ukawasha, ukageuza sahani, ukapiga tena, unakula chakula ulichokipoza mwenyewe.

Sasa yule binti. Mhudumu hapiki, anabeba. Usiku kama ule anaweza kuwa na meza sita, anapigiwa kelele na mpishi kwa nyuma na wageni kwa mbele, na sahani iliyoharibika si yeye aliyeiharibu. Unasema ulimpa "ukweli wake" mpaka watu wote wakageuka. Ukweli unaogeuza shingo za ukumbi mzima huwa na matusi ndani yake. Nimewahi kumwona binti wa kazi ile amejificha kwenye chumba cha kuwekea vitambaa, aproni ameikandamiza usoni ili sauti isitoke, halafu kengele ikagongwa na akatoka anatabasamu na sahani tatu mkononi. Mumeo aliposema "samahani dada" alikuwa anakusafishia jina wewe. Alijua wewe si mtu wa namna ile, akataka na yule dada ajue.

Tunakuja kwa samaki. Hapa ndipo niliposimama mara zote tatu.

Mwanamume ameweka meza dirishani. Amemleta mama yake akae na watoto. Amefika, dirisha limekwenda. Ameletewa samaki aliyekwisha ngoja nyama yako, naye amepoa. Anaona mkewe hali, anagombana na sahani. Hasemi neno. Anachukua kisu, anakata samaki wake katikati, na bila shaka upande uliokusogezea haukuwa wa mkia, anauvusha juu ya meza na kuuweka mbele yako. Kisha wewe unaniandikia kwamba amekufanya ombaomba! Ningekuwa mama yake na nikaisoma ile habari uliyoiandika mtandaoni, ningebadilika zaidi ya alivyobadilika. Tena yule mama umemtaja kwa nusu sentensi, na lawama juu. Aliyekaa na watoto wako ili wewe ukakae kwenye kiti cha ngozi, je, ulimwambia asante ulipoingia usiku ule, au ulipita kwa hasira ukabamiza mlango wa chumbani?

Mumeo si mwoga. Wenye hekima walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huo unausikia wiki ya tatu. Alichagua kumeza hasara ya usiku mmoja ili usiku usife kabisa. Wewe ulitaka apigane, na hukutaka apigane kwa ajili ya nyama; ulitaka ukumbi uone una mume. Hayo mambo mawili yanatofautiana.

Na hili silisemi kwako peke yako, barua za namna hii zinanijia kila wiki. Ndoa za siku hizi zimegeuzwa chumba cha mtihani. Siku ya kuzaliwa ni mtihani, maadhimisho ni mtihani, zawadi ni mtihani, na maswali mume hapewi mapema. Akikosea jambo moja anafelishwa mwaka mzima, na matokeo yanabandikwa kwa watu wasiomjua wayatolee maoni. Hao wanaokuandikia "mwache huyo, hakufai" hawakuwepo mlipouguza mtoto usiku. Hawajui ana deni gani wala aliweka akiba muda gani kwa jioni ile. Mama zetu hawakuwa na ndoa nzuri kuliko zenu, nisiwadanganye, wengi waliumia na hawakuwa na pa kusemea. Lakini walijua ugomvi wa chumbani haupelekwi barazani, kwa sababu mkishapatana nyinyi, baraza haipatani. Leo mtasameheana, lakini shemeji yako, jirani yako na mfanyakazi mwenzake mumeo watabaki wanajua kwamba "aliogopa kufungua mdomo". Mwanamume anakwenda kazini na maneno hayo mgongoni.

Utafanya nini? Ile habari uiondoe leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Ukishaiondoa, malalamiko yako ya haki yapeleke panapohusika: mwandikie meneja wa mgahawa, taja siku, saa mliyofika kwa kweli, meza, supu iliyopoa na kule kusubiri bila taarifa. Mistari kumi inatosha. Usimtaje mhudumu kwa ubaya. Meneja mwenye akili barua ya namna hiyo anaifanyia kazi, ile ya matusi anaitupa. Na siku nyingine, chakula kikiwa kibaya sema katika tonge la kwanza au la pili, kwa sauti ya chini, taja kasoro moja na unachotaka wakufanyie. "Supu imepoa, naomba inipashiwe." Inaondoka, inarudi ya moto, mnaendelea na maongezi yenu. Ukila mpaka mwisho ndipo ulalamike, hakuna tena cha kurekebisha.

Mama mkwe mfuate kwake, usimpigie simu. Mwambie asante kwa usiku ule, na umwambie ulimvunjia mwanawe heshima na umeshaifuta ile habari. Atakuuliza umekula. Kula.

Kwa mumeo usiende na hotuba. Wanaume wa aina yake hotuba inawakimbiza. Mwombe radhi kwa mambo mawili tu: lile neno la kwenye gari, na lile uliloandika. Usiongeze "lakini na wewe". Usimkumbushe nyama. Halafu jioni moja watoto wakishalala, zima simu yako, nunua samaki umpike mwenyewe, mketi mezani wawili. Samaki wako mkate katikati umsogezee nusu.