Maswali ya Wasomaji: Tukubali Ubia, au Tutamezwa?

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Mimi ni katibu wa asasi ndogo ya wazazi wilayani Kondoa. Tunawasaidia watoto waliozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kwa ndani, wafike hospitali ya rufaa mjini Dodoma, ambako hufungwa plasta kila wiki mpaka miguu inyooke. Wazazi wengi huacha baada ya plasta ya pili au ya tatu kwa kukosa nauli. Sasa shirika moja kubwa linataka ubia nasi: litatupatia ofisi, kompyuta na mafunzo, nasi tutumie nembo yake na tuendeshe mradi wake wa ujasiriamali kwa vijana. Wenzangu wamefurahi, mimi nasita. Je, ubia wa namna hii huisaidia jamii kweli? — Katibu, Kondoa

JIBU: Ndugu Katibu, kusita kwako kuna msingi. Umetaja kikwazo kimoja waziwazi, nacho ni nauli, lakini katika yote mnayoahidiwa nauli haimo. Methali ya kidole kimoja kisichovunja chawa husikika katika kila uzinduzi wa ubia, ila haisemi kidole cha pili kitafutwe wapi, na hapo ndipo asasi nyingi hukosea kwa kumpokea yeyote aliyetangulia kubisha hodi.

Nakuletea mfano unaofanana sana na hali yenu. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, inayoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, iliwatibu bila malipo wanawake wenye fistula, yaani tundu linalotokana na uchungu wa uzazi wa muda mrefu ambapo mtoto hukwama njiani, na kumfanya mama avujwe na mkojo au haja kubwa bila kujizuia. Madaktari walikuwapo na vitanda vilikuwapo, lakini wagonjwa wengi walibaki vijijini, kwa sababu mwanamke aliyekwisha kutengwa na mumewe na majirani hana pa kupata nauli ya basi la kutoka mikoani. Kumwahidi kwamba atarudishiwa nauli akishafika hakumfai kitu mtu asiye na fedha ya kuondokea nyumbani.

Kuanzia mwaka 2009 hospitali hiyo ilishirikiana na Vodacom, ambayo huduma yake ya M-Pesa ilikuwa imeanza nchini mwaka mmoja kabla. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtu anayeaminika kijijini, aliyepewa jina la balozi, akimgundua mgonjwa huipigia simu hospitali. Hospitali ikijiridhisha, hutuma nauli kwenye simu ya balozi, naye huitoa kwa wakala, hukata tiketi na kumpandisha mgonjwa basi, kisha mgonjwa hupokewa akifika. Balozi mwenyewe hupata kifuta jasho baada ya mgonjwa kufika hospitalini, si kabla. Mimi sharti hilo ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa kuwa linalinda fedha bila kuhitaji mkaguzi kila kijiji. Tazama pia kwamba hakuna aliyelazimishwa kujifunza kazi ya mwenzake: kampuni ya simu haikutibu mtu, madaktari hawakufungua ofisi wilayani, na balozi alifanya lile ambalo wote wawili wasingeliweza, yaani kumfahamu mama aliyejificha ndani.

Sasa rudi Kondoa. Ninyi ndio mabalozi tayari. Mnawajua watoto na mnawajua wazazi wao. Kinachokosekana ni mtu wa nauli, na huyo si lazima awe mfadhili mkubwa. Wamiliki wa mabasi ya Dodoma wanaweza kuombwa nafasi kwa nusu nauli siku ya kliniki. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuulizwa kama kuna mtumishi wa karibu anayeweza kupata mafunzo ya kufunga plasta, na likiwezekana hilo, safari zenyewe zitapungua. Afisa Ustawi wa Jamii naye ashirikishwe mapema, asije akayasikia haya kwa watu.

Kuhusu shirika lililowafuata, msilikatae kwa hasira. Lijibuni kwa barua kwamba ofisi inaweza kusubiri, na mwombe fungu hilo liende kwenye nauli za watoto. Wakisisitiza mradi wa vijana tu, basi mtakuwa mmeajiriwa bila mshahara. Wakikubali, hati ya makubaliano itaje nani anatunza fedha, nani anatoa taarifa, na gharama ya ukaguzi wa hesabu inalipwa na nani, maana Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalidai shirika lililosajiliwa taarifa ya mwaka, na ikiwa mmesajiliwa chini yake, mtakaoulizwa na Msajili ni ninyi.

Muda wa mkataba nao uangaliwe kwa makini. Plasta huchukua wiki chache tu, lakini baada yake mtoto huvaa viatu maalumu vyenye chuma, mwanzoni karibu usiku na mchana, baadaye wakati wa kulala, hadi afikishe miaka minne au mitano. Akiviacha mapema miguu huweza kupinda tena. Ubia wa mwaka mmoja utamwacha njiani, kwa hiyo kabla ya kutia saini waulizeni ni nani atakayenunua viatu vya mwaka wa tatu.