Kabla ya Kuagiza Roboti, Chora Kiungo

Vijana wanaomaliza vyuo vya usanifu majengo huniuliza swali lile lile: ninunue mashine gani ili nianze kujenga kwa roboti? Wameona video za mkono wa chuma ukipanga matofali kule Ulaya, moyo umewaka, wanataka na Tanga nayo iwemo. Nafurahi kuulizwa. Karakana yangu ipo Ngamiani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikioanisha kazi ya mafundi seremala na kazi ya mashine zinazoongozwa na kompyuta, hasa kwa nyumba ambazo vyumba vyake vinabadilika matumizi. Jibu langu ni kwamba mashine ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: kwenye jengo lako ni kitu gani kitahama, kitashikana vipi na kile kisichohama, na nani atakifungua siku hiyo?

Tuiangalie kwanza kazi ambayo roboti anaiweza kweli. Mwaka 2006 Fabio Gramazio na Matthias Kohler wa chuo kikuu cha ETH Zürich walitengeneza kuta za jengo la mvinyo la Gantenbein, katika kijiji cha Fläsch, Uswisi. Ni matofali yapata 20,000, na kila tofali limegeuzwa kwa pembe yake, hivyo mwanga na hewa vinapenya kwenye nafasi zilizobaki. Roboti aliyapanga na kuyagandisha kwa gundi karakanani, kuta zikapakiwa kwenye lori vipande vipande, winchi ikazipandisha. Fundi mwashi hodari angeweza kupanga ukuta ule, ila angepima pembe ya kila tofali upya, tangu asubuhi hadi jioni, mwezi hata mwezi. Roboti hachoki na hasahau hesabu.

Sasa geuka utazame ngazi na vibaraza vya hapa mjini. Yale matofali ya matundu yanakata jua na kupitisha upepo vilevile, na yote yanatoka kwenye kalibu moja. Hapo roboti hana cha kuongeza isipokuwa gharama. Kwa hiyo mimi hutumia mashine pale tu ambapo vipande havifanani, au pale ambapo kiungo, yaani mahali vipande viwili vinaposhikana, kinataka usahihi wa nusu milimita. Kwingine kote nampa kazi fundi.

Kuhusu nafasi zinazobadilika, kuna majengo mawili ambayo kila anayeanza namwambia ayasome pamoja. La kwanza ni Nakagin Capsule Tower la Tokyo, kazi ya Kisho Kurokawa, lililokamilika mwaka 1972. Lilikuwa na vyumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani na kufungwa kwa bolti kwenye minara miwili ya zege, na nia ilikuwa kila chumba kibadilishwe baada ya miaka 25. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa. Vilibanana mno, hata kukitoa kimoja ilibidi uanze na vya juu yake, na kila chumba kilikuwa na mwenyewe. Vikachakaa hapo hapo, na mwaka 2022 jengo likabomolewa. La pili ni nyumba ya Gerrit Rietveld kule Utrecht, Uholanzi, ya mwaka 1924. Ghorofa ya juu ina kuta nyepesi zinazoteleza: mchana ni ukumbi mmoja, usiku ni vyumba vya kulala. Hakuna mota wala kompyuta. Mwenye nyumba, Truus Schröder, aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1985.

Wazo lilikuwa linakaribiana, la kuifanya nyumba ifuate maisha ya mtu. Kilichoyatofautisha ni kiungo. Kimoja kilihitaji winchi na ridhaa ya majirani, kingine kilihitaji mkono wa mwenye nyumba tu.

Na ukitaka somo la tatu huna haja ya kupanda ndege. Nyumba ya Kiswahili ya hapa Ngamiani, ile ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele na ua nyuma, ni mwalimu mkubwa wa jambo hili. Vyumba vinalingana, na kila kimoja kina mlango wake kwenye korido. Mwaka huu chumba ni cha mpangaji, mwakani ni cha kijana aliyeoa, baadaye stoo ya nazi, na kile cha mbele kikitobolewa mlango wa barabarani kinakuwa fremu ya duka. Hakuna ukuta uliosogea. Mimi nikipewa kiwanja huanza na uwezo huu, kwa sababu ni bure na hauharibiki. Kinachobaki, ambacho vyumba vinavyolingana haviwezi kukitoa, ndicho nakitafutia kitu cha kuhama.

Nieleze kazi moja kwa ukaribu, maana ndani yake yamo mengi ninayoulizwa. Mama mmoja mshonaji alitaka chumba chake cha mbele kiwe karakana ya cherehani mchana na sebule jioni, na likitokea la msiba au la harusi kifunguke chote hadi koridoni watu wapate pa kukaa. Nilimwonyesha mchoro wa kuta za kuteleza juu ya reli. Akautazama vizuri, akanirudishia karatasi.

"Mwanangu, hizi reli zikikwama nani atazikwamua? Msiba hautoi taarifa. Saa saba ya usiku fundi nitampata wapi?"

"Ukipata wasichana wawili wa kukusaidia, mama?"

"Wasichana wapo. Wape kitu wanachoweza kukibeba."

Maneno yale ndiyo yaliyonipa vipimo. Tukaacha reli. Tukatengeneza paneli za plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 60, urefu mita 2.4, ambazo kila moja ina uzito wa kama kilo 15, watu wawili wanaibeba bila kuhema. Kila paneli ina ndimi pembeni zinazoingia kwenye matundu ya nguzo za msaji, kisha kabari ya msaji inagongwa kwa nyundo ya mbao hadi inakaza. Kuifungua unaigonga upande wa pili. Hakuna skrubu hata moja, na kwa chumvi ya hewa yetu hilo pekee ni faida, kwa kuwa skrubu za kawaida huku zinaota kutu hadi kichwa kinakatika. Nguzo zimekalishwa juu ya vitako vya zege, ili mchwa akianza kupanda aonekane mapema.

Ndimi na matundu hayo tulikatisha kwenye mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, na hapa ndipo penye mambo ambayo video hazionyeshi.

Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 18 mara nyingi si 18. Ipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, utakuta 17 na nukta kadhaa, na kona moja ya shiti haifanani na nyingine. Ukichora tundu la 18 paneli itacheza. Ukichora dogo la kubana, ukaja ukapaka vanishi na masika yakaingia, haitatoka tena. Kwa hiyo nunua mbao kwanza, zilaze kwenye chumba kile kile zitakamokaa ziizoee hewa yake, ndipo uzipime na kurekebisha faili. Halafu kata kipande kimoja cha majaribio chenye matundu yaliyopishana kidogo kidogo: 17.4, 17.6, 17.8, 18, 18.2. Chukua ubao wako, ujaribu tundu moja baada ya jingine kwa mkono. Unatafuta lile ambalo ubao unaingia kwa kusukumwa na kiganja na hauanguki ukiugeuza juu chini. Mkono utakujulisha kabla ya kalipa. Jaribio hilo linakula ubavu wa shiti moja tu, na linaokoa shiti zote zilizobaki.

Jambo jingine ni kona. Kisu cha mashine ni cha mviringo, kwa hiyo hakiwezi kukata kona ya ndani ya mraba. Kisu cha milimita 6 kinaacha mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3, na ulimi wa mraba hautafika mwisho. Ama uchore kijitundu cha duara kwenye kila kona kisu kipitilize kidogo, ama umwachie seremala amalizie kwa patasi. Mimi hupenda patasi mahali panapoonekana na kijitundu mahali palipofichika.

Na umeme. Ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi ndogo zinapoteza hesabu ya mahali zilipo. Weka alama ya sifuri, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu, kwa penseli juu ya shiti yenyewe, na uigawe kazi katika mafaili mafupi, ili ukirudi umeme usianze upya kwa kubahatisha. Karakana zenye umeme wa njia tatu na mashine nzito zina unafuu zaidi, lakini alama ya penseli hata wao naishauri.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge ukanda huu, ikanusurika 62, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea na mji wetu ukapata sifa. Tumezoea kuuona mkonge kama kamba na magunia. Lakini wenzetu wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, chini ya Achim Menges na Jan Knippers, wamekuwa wakisuka majengo kwa nyuzi. Mwaka 2012 walimfanya roboti azungushie nyuzi za kioo na za kaboni zilizolowekwa gundi juu ya fremu, likatoka banda la upana wa kama mita 8 lenye ganda la milimita 4 tu. Mwaka 2021, kwenye bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Freiburg, walisimamisha banda la livMatS, ambalo mifupa yake inayobeba mzigo imesukwa na roboti kwa nyuzi za kitani. Kitani ni mmea! Niliposoma habari ile sikulala. Nyuzi za mmea zinabeba paa, na sisi tunaishi katikati ya nyuzi.

Katika karakana tumekuwa tukijaribu bila roboti yoyote: fremu ya chuma yenye vigingi pande zote, kamba nyembamba ya katani iliyopitishwa kwenye beseni la gundi, na vijana wawili wanaoizungusha kwa kufuata namba zilizoandikwa kwenye vigingi. Namba zile ndizo programu. Ukiweza kuziandika mtu akazifuata bila kuuliza, siku utakayompata roboti utamwandikia zile zile. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Singa ya mkonge ina urefu wa kama mita moja, kwa hiyo haiwezi kuzungushwa hivi hivi, lazima kwanza isokotwe iwe uzi usiokatika. Na usiizike katani kwenye saruji ukadhani umemaliza, kwa sababu ukali wa saruji unaidhoofisha nyuzi ya mmea mwaka baada ya mwaka. Jipsamu haina ukali huo. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi waende kukaa siku nzima na mafundi wa jipsamu, wanaotandaza katani ndani ya mikanda ya dari isivunjike. Wale wanajua kwa vidole ni katani kiasi gani inatosha, wala hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nyumba za kuchapwa kwa mashine, ambazo kuta zake humwagwa tabaka juu ya tabaka, ninaulizwa sana pia, hasa tangu kampuni ya 14Trees ilipofika jirani kwetu Kilifi na mradi wa nyumba 52. Mashine inachapa kuta, na inachapa haraka. Paa, milango, mabomba na nyaya bado ni vya mafundi. Ukuta uliochapwa kwa zege ukishakauka umekauka; ukitaka kutoboa mlango wa fremu miaka kumi baadaye utaona kazi yake. Kwa hiyo, kwa familia ya huku inayoongeza na kupunguza vyumba, mimi ningechapa sehemu zisizobadilika tu, kama vyoo na jiko, na kuacha zilizobaki wazi. Nyumba ya Tecla iliyochapwa Massa Lombarda, Italia, mwaka 2021 kwa udongo wa pale pale inanivutia zaidi, maana udongo tunao.

Mwisho kuna suala la makabidhiano, ambalo wasanifu wengi tunalipita upesi. Nyumba inayobadilika haijakamilika mpaka mwenyewe aweze kuibadilisha wewe ukiwa haupo. Namba ya kila paneli ichongwe kwenye ubao wenyewe, kwa kuwa rangi inafutika. Mwachie kabari za akiba, angalau robo ya zile zinazotumika, kwani ndizo zinazopotea watoto wakichezea. Mwachie mchoro wa karatasi wenye vipimo vyote, ili seremala yeyote wa mtaani aweze kuchonga paneli mpya kwa msumeno na patasi endapo mashine haipo. Na faili umpe pia, katika aina inayofunguka kwenye programu nyingi, kama DXF. Jengo ni lake, na vipimo vyake navyo ni vyake. Fungua na ufunge chumba chote pamoja naye, halafu kaa pembeni, wafanye wenyewe tena bila wewe kugusa kitu, na usiondoke kabla hawajamaliza.