Ripoti ya bure, kadi ya nini?

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwa wasomaji walioko Marekani, na zinalalamikia jambo moja: ripoti ya mikopo (orodha ya madeni yako na jinsi unavyoyalipa) inayotangazwa kuwa ya bure, kisha pesa zinaanza kukatwa kila mwezi. Majina nimeyaacha.

Shikamoo. Niko Louisville, Kentucky. Niliomba ripoti yangu ya mikopo kwenye tovuti iliyosema ni bure. Walitaka dola 1 tu "ya kuthibitisha kadi". Sasa ni mwezi wa tatu nakatwa dola 24.99. Nimeibiwa?

Marahaba. Wao watakuambia ulikubali, na ndipo ujanja ulipo. Ripoti ilikuwa chambo. Ulichosajiliwa ni huduma ya kufuatilia mikopo yako, yenye kipindi cha majaribio cha siku 7 au 30. Usipojitoa kabla ya siku hizo kwisha, kimya chako kinahesabiwa kuwa umekubali. Maneno hayo yapo, lakini kwa herufi ndogo chini ya kitufe kikubwa ulichobonyeza. Na ile dola 1 haikuthibitisha lolote. Walichotaka ni namba ya kadi.

Mchezo huu una miaka mingi, tena haukuanzishwa na vijikampuni vya uchochoroni. Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni tanzu ya Experian, mojawapo ya kampuni tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za mikopo, iliyokuwa ikitangaza ripoti za bure, kisha ikiwatoza watu dola 79.95 kwa mwaka baada ya siku 30. Ikalipa dola 950,000. Mwaka 2007 ikalipa tena dola 300,000 kwa matangazo ya namna ileile. Waliokuwa Marekani miaka hiyo watakumbuka matangazo ya televisheni ya tovuti yake, FreeCreditReport.com, yale ya kijana mwenye gitaa anayeimba shida zake. Yalipendwa mno hivi kwamba mwaka 2009 FTC yenyewe ilitengeneza video za kuyaigiza ili kuwaonya watu. Kisha sheria ikalazimisha, kuanzia 2010, anayetangaza ripoti ya bure aonyeshe wazi ni wapi inapatikana ripoti ya bure kweli, ile inayotolewa kwa amri ya sheria. FreeCreditReport.com ikafanya nini? Ikaanza kutoza dola 1 na kusema inakwenda kwenye hisani. Ikishalipiwa dola si ya bure tena, na onyo halihitajiki. Nikiri kwamba aliyebuni hilo ana akili, ingawa sitamsifu zaidi ya hapo.

Sasa ya kweli ni ipi? Nikitafuta mtandaoni zinakuja tovuti ishirini, zote "bure". (Msomaji, Dallas)

Ni moja: AnnualCreditReport.com. Iliundwa kutokana na sheria ya mwaka 2003 inayozilazimisha Equifax, Experian na TransUnion kumpa kila mtu ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Wakati wa korona kampuni hizo zilianza kutoa kila wiki, na mwaka 2023 zikasema utaratibu huo ni wa kudumu. Andika anwani hiyo mwenyewe, herufi kwa herufi; usipitie tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji.

Utaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, makazi na namba ya soshali (Social Security, ya hifadhi ya jamii), pamoja na maswali kama uliwahi kukopa gari kwa benki ipi. Kadi hutaulizwa. Ukikutana na ukurasa unaokuuzia alama (namba inayopima ulipaji wako wa mikopo) au ulinzi wa utambulisho, pita. Ukiona nafasi ya kujaza namba ya kadi, umeshapotea njia, funga ukurasa.

Mwenye nyumba niliyemwona Craigslist, ile tovuti ya matangazo madogomadogo, anasema hanionyeshi nyumba mpaka nimletee ripoti ya mikopo, na amenitumia kiungo. Ni kawaida hapa Marekani?

Kuangaliwa historia ya mikopo unapotafuta nyumba ni kawaida. Kutumiwa kiungo na mtu ambaye hujamwona, kwa nyumba ambayo hujaingia, si kawaida hata kidogo.

Kuna kesi unayopaswa kuijua. Mwaka 2017 FTC iliishtaki kampuni iitwayo Credit Bureau Center. Matangazo ya nyumba za kupangisha yaliwekwa Craigslist: nyingine hazikuwepo, nyingine hazikuwa zao. Anayeuliza alijibiwa kana kwamba ni mwenye nyumba anayemwandikia, akiahidiwa kutembezwa akishachukua ripoti "ya bure" kwenye tovuti fulani. Akishachukua, mwenye nyumba haonekani tena, na kadi inaanza kukatwa dola 29.94 kila mwezi. Mwaka 2018 mahakama iliamuru zilipwe zaidi ya dola milioni 5, ingawa mabishano juu ya fedha hizo yaliendelea miaka mingi kwenye rufaa.

Angalia walivyochagua mawindo. Mtu anayehaha kupata nyumba hasomi maandishi madogo. Kwa mgeni aliyefika juzi na familia, anayeogopa kuonekana msumbufu, ni vibaya zaidi. Wewe mjibu huyo bwana kwamba ripoti utamletea mwenyewe mkishaonana nyumbani hapo. Akikataa, umeshapata jibu.

Nimeshanaswa. Nikibadilisha kadi si watashindwa kunikata?

Usitegemee hilo. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumpelekea mfanyabiashara namba mpya ya kadi yako ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Umebadilisha kadi, na wao wamekufuata.

Anza kwa kujitoa kwenye huduma yenyewe. Kama ni kwa simu tu, piga. Wataanza kukubembeleza kwa punguzo na mwezi wa bure. Jibu lako liwe moja: funga akaunti. Omba namba ya uthibitisho, andika tarehe, kisha watumie barua pepe inayosema hivyohivyo, na katika simu hiyohiyo dai pesa zako. Wengine hurudisha mwezi mmoja au miwili ili tu uondoke.

Wakikataa, nenda benki. Kama ni kadi ya mkopo, pinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa yenye makato hayo, usisubiri yajikusanye. Kama ni kadi ya kutoa moja kwa moja kwenye akaunti yako, una haki ya kuiamuru benki isimamishe makato, mradi uwaambie angalau siku 3 za kazi kabla. Baada ya hapo peleka malalamiko FTC kupitia ReportFraud.ftc.gov.

Mwaka 2024 FTC ilitunga kanuni ya kufanya kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kabla haijaanza kazi sawasawa. Sheria nyingine ya 2010, inayodai kuwepo njia nyepesi ya kujitoa, bado ipo, lakini kazi ya kuwabana imebaki zaidi mikononi mwako.

Ripoti niliipata kweli bure, lakini haina alama! Nilipe?

La. Ripoti ni orodha ya madeni na jinsi unavyoyalipa. Alama ni hesabu inayotokana nayo, na sheria ya ripoti za bure haiigusi. Benki nyingi huionyesha bure kwenye programu zao, angalia yako kwanza. Ile inayouzwa huenda hata isiwe ile ambayo mkopeshaji anaitazama. Januari 2017 TransUnion na Equifax ziliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 23, faini na fidia pamoja, kwa kuwadanganya wateja kuhusu manufaa ya alama walizowauzia na kwa kuwaingiza kwenye malipo ya kila mwezi kupitia majaribio ya bure au ya dola 1. Miezi miwili baadaye Experian nayo ikatozwa faini ya dola milioni 3 kuhusu alama.

Nikijiangalia mwenyewe mara kwa mara, alama zinashuka?

Hazishuki. Tazama hata kila wiki.

Mdogo wangu yuko Nairobi, mwajiri anataka cheti cha CRB, zile kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji. Huko nako kuna cha bure?

Ripoti, ndiyo: sheria ya Kenya inampa kila mtu nakala moja ya bure kwa mwaka kutoka kila kampuni ya CRB yenye leseni ya Benki Kuu. Cheti ni kitu kingine na hulipiwa, ila tangu 2020 anayekiomba mara ya kwanza hatozwi. Asimlipe mtu wa kati.

Mama yangu hatumii intaneti. Anaweza kuomba ripoti yake?

Anaweza kupiga 1-877-322-8228, au mchapie fomu iliyoko AnnualCreditReport.com aitume kwa posta. Ripoti itatumwa ndani ya siku 15. Kama Kiingereza kinamsumbua, kaa naye wakati wa simu, maana mashine ndiyo inayouliza maswali na haina subira.